Msitu wa Yahuma na mlima wa Kahuzi: mgeni anakaa saa moja, mwenyeji anabaki na nini?

Yahuma haina mlima. Anayetoka Kisangani akishuka na mto, akapita Yangambi, akapita Isangi pale Lomami inapoingia mto Kongo, akaendelea upande wa kushoto mpaka teritware ya Yahuma, anakuta msitu, vijito, matope, mashamba ya muhogo na mawese, halafu msitu tena. Hakuna kilele cha kupanda wala baridi ya kuvaa koti.

Lakini kuna swali ambalo watu wa Yahuma, sawa na watu wa Opala, Isangi na Bafwasende, wanajiuliza kila mara wageni wanapofika na ramani mkononi: tukikubali msitu wetu ulindwe, sisi tutakula nini? Mara nyingi jibu ni kwamba watalii watakuja. Watalii wakija, pesa itakuja. Pesa ikija, shule, kituo cha afya na barabara vitafuata.

Jibu hilo limeshajaribiwa kwa zaidi ya miaka 50 mahali fulani hapa mashariki, na njia ya kufika huko inaanzia kwetu Kisangani. Ni barabara ya taifa namba 3. Inapita Lubutu, inapita Walikale, inapanda milima ya Kivu ya Kusini na kukata katikati ya parki ya Kahuzi-Biega, kisha inateremka Miti na kufika Bukavu. Mtu wa Tshopo aliyefanya biashara ya Bukavu kwa lori siku za zamani ameupita msitu huo, pengine bila kujua kwamba jirani na barabara kulikuwa na gorila.

Tuitazame parki hiyo basi: inavyotembelewa, ilivyoanza, na yaliyowapata waliokuwa ndani yake. Halafu turudi Yahuma.

Saa moja na gorila

Wakati wa amani, ziara ya Kahuzi-Biega iko hivi. Mgeni anatoka Bukavu asubuhi mapema, anapita Kavumu na Miti, anapanda mpaka Tshivanga, makao ya parki upande wa milimani. Hapo anaandikishwa, analipa, na anapewa mafundisho. Mwenye mafua au kikohozi harusiwi kwenda, kwa sababu gorila anafanana sana na sisi mwilini na ugonjwa mdogo wa mtu unaweza kumwua. Watu hawapaswi kuzidi 8 kwa familia moja ya gorila. Unavaa maski. Unakaa mbali: zamani kanuni ilisema mita 7, leo parki nyingi zinadai mita 10. Na ukishawaona, unapewa saa moja tu.

Kabla mgeni hajanywa chai yake, wafuata nyayo wameshaingia msituni. Gorila hulala kila usiku katika kiota kipya cha majani na matawi, kwa hiyo wafuata nyayo wanaanza pale familia ilipoachwa jana, wanatafuta viota vya usiku, halafu wanafuata majani yaliyokanyagwa, mavi na mianzi iliyovunjwa mpaka wawafikie. Mgeni anakuja nyuma na mlinzi anayefyeka njia kwa panga. Siku nyingine ni nusu saa ya kutembea, siku nyingine ni masaa ya kupanda na kuteremka katika tope na upupu.

Wanaotembelewa hapo ni gorila wa Grauer, ambao hawako popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Juu yao kuna mlima Kahuzi wenye mita 3,308 na mlima Biega wenye mita 2,790. Anayeketi mbele ya dume kubwa lenye mgongo mweupe, watoto wake wakipanda juu ya mianzi, hasahau. Hilo hatulipingi. Ndiyo maana watu wako tayari kulipa mamia ya dola kwa saa moja tu.

Lakini kuna jambo ambalo mgeni huyo hasimuliwi sana. Ujuzi wa kusoma nyayo za gorila haukutoka kwenye kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver alipokuwa anawazoesha gorila wa Kahuzi kwa watu, aliongozwa na Batwa. Wao ndio waliojua gorila wanakula nini mwezi gani na wanalala wapi mvua ikinyesha. Na ndio hao hao walioambiwa watoke.

Ilivyoandikwa kwenye karatasi

Historia ya parki hii inaeleweka vizuri ukiifuata kwa karatasi zake. Ya kwanza ni ya 1937: serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitangaza hifadhi ya msitu na wanyama katika mlima Kahuzi. Ya pili ni ya 30 Novemba 1970: serikali ya Mobutu iliifanya parki ya taifa yenye kilomita za mraba 600. Ya tatu ni ya Julai 1975: parki ikapanuliwa mpaka kilomita za mraba 6,000, yaani mara 10, ikashuka kutoka milimani na kuingia msitu wa tambarare upande wa Shabunda na Walikale. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Karatasi hizo zote zilisainiwa mbali na msitu. Batwa waliokuwa wakiishi upande wa milimani walitolewa katika miaka ya 1970 bila kulipwa na bila kupewa ardhi nyingine. Wakabaki pembeni ya vijiji vya wengine huko Kabare na Kalehe, wakilima shamba la mtu kwa chakula cha siku. Upande wa tambarare, upanuzi wa 1975 ulikuta vijiji, mashamba na makaburi ndani ya mpaka mpya. Watu walilala wakiwa wakulima, wakaamka wakiwa wavamizi wa parki, na bado walikuwa katika nyumba zile zile.

Wako watakaosema: bila karatasi hizo, leo gorila wasingekuwepo na mlima ungekuwa mashamba mpaka juu. Hoja hiyo iko na uzito. Kivu ya Kusini ina watu wengi na ardhi ndogo, na ukisimama Miti unaona wazi pale mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Msitu ule unaleta mvua na maji kwa wakulima wa chini. Kuulinda halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuamini kwamba unaweza kuulinda huku wenyewe ukiwageuza maadui wa mahali hapo.

Vita ilipofika

Ubaya wa hesabu hiyo ulionekana vita ilipofika. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Kivu, na kambi nyingine zilikuwa karibu na parki. Watu walihitaji kuni na nguzo. Mwaka 1996 vita ikaanza kwetu. Mwaka 1997 UNESCO iliihamisha Kahuzi-Biega kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na imebaki humo. Karibu na mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na maelfu ya watu wakaingia upande wa tambarare kuchimba. Wachimbaji wanakula, na nyama iliyokuwa karibu ilikuwa ya pori.

Upande wa milimani, ambako kabla ya vita walihesabiwa gorila kama 250, mwaka 2000 walibaki kama 130. Tembo wa upande huo karibu wote walikwisha. Kwa eneo lote la mashariki, watafiti walikadiria gorila wa Grauer kuwa kama 17,000 katikati ya miaka ya 1990; mwaka 2016 wakakadiria 3,800 tu. Mwaka 2021 hesabu mpya ilitoa kama 6,800. Tusidanganyike na namba hiyo ya mwisho. Gorila hawakuzaana mara mbili kwa miaka 5. Ni watafiti waliofika sehemu ambazo zamani hazikufikika kwa usalama.

Katika kipindi chote hicho, watalii walifanya nini? Walikoma. Na si kosa lao. Hakuna mtu anayepanda ndege kutoka Ulaya kuja mahali penye risasi. Lakini hilo ndilo funzo la kwanza kwa Yahuma: pesa ya utalii inaondoka siku ile ile unapoihitaji zaidi. Parki iliyojengwa juu ya pesa hiyo peke yake inabaki na walinzi wachache wenye mshahara mdogo, na majirani wasio na sababu ya kuwasaidia.

Hatuwadharau walinzi hao. Wengi wao ni watoto wa vijiji hivi hivi, na wamekufa wengi. Tarehe 24 Aprili 2020, huko Virunga karibu na Rumangabo, walinzi 12, dereva mmoja na raia 4 waliuawa katika shambulio moja. Na kwa watu wa Tshopo mfano wa karibu zaidi ni Epulu, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Mambasa. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la Mai-Mai la Morgan, lililokuwa limeudhika na vita ya walinzi dhidi ya wawindaji wa tembo na wachimbaji dhahabu, lilivamia kituo cha hifadhi ya Okapi. Liliua watu, likachoma majengo, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaisha. Wageni walikuwa wakisimama Epulu kwa miaka mingi kuwatazama okapi hao. Kwa siku moja ziara hiyo ilikwisha.

Batwa wanarudi msituni

Oktoba 2018, baada ya miaka mingi ya ahadi ya ardhi ambayo haikutimizwa, familia nyingi za Batwa ziliamua kurudi ndani ya Kahuzi-Biega. Yaliyofuata yaliumiza pande zote. Kulikuwa na mapigano kati yao na walinzi, watu walikufa. Septemba 2019 kulikuwa na mazungumzo Bukavu, ahadi zikatolewa tena. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti lililowashutumu walinzi na wanajeshi kwa mauaji ya Batwa na kuchoma vijiji vyao.

Wakati huo huo msitu wa milimani ulikatwa kwa kasi. Makala ilijaa masoko ya Bukavu na mbao zikateremka kila siku. Wengine walisema haraka: mnaona, Batwa ndio waharibifu. Tuangalie vizuri. Mwenye lori hakuwa Mutwa. Mwenye kununua magunia mia kwa jumla hakuwa Mutwa. Mwenye bunduki aliyetoza kodi kwenye njia hakuwa Mutwa. Mtu aliyenyimwa msitu kwa miaka 45, akirudi bila karatasi na bila uhakika wa kulala hapo mwezi ujao, akija mfanyabiashara na pesa mkononi, atauza mti. Hana sababu ya kuuachia mtoto wake, kwa kuwa hajui kama mtoto huyo ataruhusiwa kuwa hapo.

Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul huko Gambia, ilitangaza uamuzi wake katika kesi ya Batwa wa Kahuzi-Biega dhidi ya serikali ya Kongo. Ilisema serikali ilivunja haki zao. Ilitaka warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia na waombwe msamaha hadharani. Tena, Kongo yenyewe ilikuwa imeshapitisha sheria ya 15 Julai 2022 ya kulinda haki za watu wa asili wa Kibilikimo. Kwa hiyo kwenye maandishi, haki iko. Kwenye udongo, bado.

Halafu Februari 2025 Kavumu na Bukavu zikaingia mikononi mwa M23. Miti, Kavumu na njia ya kupanda Tshivanga ziko katika eneo hilo hilo. Leo hatuwezi kumwambia msomaji aende kuwaona gorila. Tunachoweza kumwambia ni kwamba kabla ya vita hii mpya, parki ilikuwa tayari imegombana na majirani zake, na mgombano huo ulirahisisha kazi ya kila mwenye bunduki aliyetaka kuuza msitu.

Na kwa majirani zetu?

Mtu anaweza kusema: tatizo ni vita, si mpango wenyewe. Mbona Rwanda na Uganda gorila wanaleta pesa?

Ni kweli. Rwanda mgeni wa kutoka nje analipa dola 1,500 kwa ile saa moja. Watu 8 ni dola 12,000 kabla jua halijafika utosini. Na kuna kanuni iliyoandikwa: tangu 2017, asilimia 10 ya mapato ya parki inakwenda kwenye miradi ya vijiji jirani, zamani ilikuwa 5. Uganda inatoa asilimia 20 ya ada ya kuingia parki. Shule na vituo vya afya vimejengwa kwa pesa hizo, na mwanakijiji anaweza kuvionyesha kwa kidole.

Lakini hata huko, ukienda Bwindi, utawakuta Batwa waliotolewa msituni parki ilipoanzishwa mwaka 1991, wakiwa bado kati ya maskini kuliko wote wa sehemu ile. Pesa iligawiwa kwa vijiji, na wao hawakuwa na kijiji wala shamba. Kwa hiyo asilimia peke yake haitoshi. Inamfikia mwenye ardhi na mwenye sauti katika kikao. Asiyekuwa navyo, inampita.

Yahuma inajua karatasi

Sasa turudi kwetu. Watu wa Yahuma hawahitaji kusafiri mpaka Kivu ili kujua karatasi iliyosainiwa mbali inafanya nini. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Ubelgiji ilikubaliana na mfanyabiashara Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni. Alipewa maduara 5 kwenye ramani ya Kongo, kila moja la kilomita 60 kutoka katikati, ambamo angeweza kuchukua mpaka hekta 750,000 kwa ajili ya mawese. Duara moja liliitwa Elisabetha. Leo tunaliita Lokutu. Mashamba hayo, ambayo sasa ni ya kampuni PHC, yanagusa Basoko, Isangi na Yahuma.

Zaidi ya miaka 100 imepita na ugomvi haujakwisha. Novemba 2018 jamii 9 za Lokutu na za Boteka huko Équateur zilipeleka malalamiko Ujerumani, kwenye chombo cha malalamiko cha DEG, benki ya maendeleo iliyokuwa imeikopesha kampuni hiyo. Walikuwa wanauliza juu ya ardhi ya babu zao. Jambo lililoandikwa na watu wawili mwaka 1911, wajukuu wa wajukuu bado wanalifuata katika ofisi za Ulaya.

Mawese na gorila si kitu kimoja. Mmoja anakata msitu, mwingine anaulinda. Lakini kwa mwenye kuishi hapo, mwanzo ulikuwa mmoja: mtu wa mbali alichora mstari, na mwenyeji akajua baadaye.

Na wageni wa kulinda msitu wako na sababu ya kuiangalia Yahuma. Iko upande wa kusini wa mto Kongo, na bonobo wanaishi upande huo tu, katika nchi hii tu. Jirani zetu wa Djolu, katika jimbo la Tshuapa, wanajua habari hiyo zamani. Watafiti wa Japani walifika Wamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaajiri wenyeji kama wafuata nyayo. Vita ya 1996 iliwaondoa, baadaye wakarudi. Bonobo walipona pale kwa kiasi kikubwa kwa sababu mababu wa Wamba walikataza kuwala, kabla hajafika Mjapani yeyote. Na mwaka 2009 serikali ilitambua hifadhi ya bonobo ya Kokolopori, katika teritware hiyo hiyo, iliyotokana na kazi ya wenyeji pamoja na washirika wao.

Djolu haijatajirika kwa watalii. Kufika kule ni siku nyingi za pikipiki na mtumbwi, au ndege ndogo ya kukodi. Yahuma nayo iko hivyo hivyo. Anayekuahidi hapa watalii kama wa Rwanda, mwulize kwanza watapita barabara gani.

Karatasi inayoweza kuwa yetu

Tofauti na 1911 na 1970, leo kuna karatasi ambayo wenyeji wanaweza kuiomba wenyewe. Dikri ya 2 Agosti 2014 ilifungua njia ya msitu wa jamii, ile inayoitwa kwa Kifaransa CFCL. Jamii inayomiliki msitu kwa mila inachora ramani yake, inakubaliana na majirani juu ya mipaka, inapeleka faili, na gavana wa jimbo anasaini. Eneo lisizidi hekta 50,000. Hati haina mwisho wa miaka. Ndani yake jamii inaweza kulima sehemu, kuwinda kwa kanuni, kuvuna mbao kwa kiasi, kuacha sehemu nyingine ipumzike, na hata kupokea wageni. Huko Bafwasende, katika jimbo hili hili la Tshopo, jamii kadhaa zimeshapata.

Hekta 50,000 ni kilomita za mraba 500. Karibu sawa na Kahuzi-Biega ya kwanza, ile ya 1970. Kwa maneno mengine, jamii moja ya Yahuma ingeweza kuwa na eneo karibu kubwa kama parki iliyoanzisha habari hii yote, kwa jina lake.

Tusiipambe hati hiyo kupita kiasi. Sheria ya ardhi ya 1973 bado inasema udongo ni mali ya serikali, na madini chini yake pia. Kuchora ramani kunahitaji pesa na mafundi, na wanaoleta pesa mara nyingine wanaleta pia mipango yao. Tena hatari nyingine iko ndani yetu: chefu mmoja au watoto wake wa mjini wanaweza kusaini kwa niaba ya wote, halafu mbao zikaondoka na kijiji kikapewa sukari, chumvi na bati kumi. Kila mtu wa msituni anaijua hadithi hiyo. Mwami au chefu akiuza peke yake, haijalishi kama karatasi imeandikwa serikali au jamii.

Lakini kati ya kuwa na hati yenye kasoro na kutokuwa na hati, Kahuzi-Biega imetuonyesha tofauti. Mwenye hati anaweza kwenda mahakamani akiwa mwenye mali. Asiye nayo anakwenda kama mwombaji, na anangoja miaka 50.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa hiyo, mgeni akifika katika grupema yako Yahuma na kusema anataka kulinda msitu, iwe kwa parki, kwa bonobo, kwa utalii au kwa hewa ya kaboni, usimfukuze. Mpe kiti. Halafu mwulize mambo matatu mbele ya watu wote, wanawake na vijana wakiwepo, pamoja na zile familia ambazo hatuziiti kwenye vikao.

La kwanza: karatasi itaandikwa kwa jina la nani? Sheria ya kulinda mazingira asilia ya 11 Februari 2014 inataka wananchi waulizwe kabla eneo halijatengwa. Kuulizwa si kupigiwa picha ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki. Mwombe asome ramani kwa sauti, mto kwa mto, na aseme ni shamba la nani limebaki ndani ya mstari.

La pili: wageni wasipokuja mwaka mzima, au vita ikija, sisi tutabaki na nini? Kama jibu lote liko kwenye watalii, jibu hilo halijakomaa. Kama kuna shamba lililobaki, uvuvi ulioruhusiwa, kazi ya ulinzi inayolipwa na mfuko usiotegemea kiingilio, hapo kuna kitu cha kuzungumza.

La tatu: pesa ikiingia, nani wa kijiji ataihesabu, na hesabu itabandikwa wapi? Rwanda na Uganda wanaandika asilimia. Na sisi tuandike yetu, kwenye mkataba, kwa tarakimu.

Siku moja barabara namba 3 itafunguka tena. Lori litatoka Kisangani, litapita Lubutu na Walikale, litapanda mpaka Tshivanga. Tungependa ndani yake wawemo watu wa Yahuma, wachefu na wamama wa mashamba, wakienda kama wageni. Waione ile familia ya gorila kwa saa yao moja, kwa sababu ni haki yao pia kuona mali ya nchi yao. Halafu wateremke Kabare na Kalehe, wakae jioni na Batwa, wawaulize walichoambiwa mwaka ule wa 1970 na walichojibu. Kabla ya siku hiyo, anayeweza kuitisha kikao cha grupema juu ya ramani ya msitu wake, aitishe sasa.